Jaketi Chini ya Ubao: shajara ya wiki nane za mradi wa usalama ziwani

Mradi: kampeni ya kuvaa jaketi okozi kwa wavuvi wa dagaa, mialo miwili (fukwe ambako mitumbwi hutia nanga na kushusha samaki) upande wa Ilemela, Mwanza. Muda: Julai 8 hadi Agosti 29, 2025. Watendaji: afisa uhusiano wa shirika, mwanafunzi mmoja wa mafunzo kwa vitendo anayesomea uhusiano wa umma, na dereva ambaye ndiye pia fundi wa spika. Shajara inaandikwa na kitengo kwa ajili ya mwanafunzi atakayepokelewa msimu ujao, ndiyo maana makosa yameandikwa kwa urefu kuliko mafanikio.

Julai 8, Jumanne

Jana ilikuwa Saba Saba, kwa hiyo wiki imeanzia Jumanne. Kawaida mwanafunzi mgeni hupewa mpango mkakati na ripoti za mwaka asome mpaka Ijumaa. Safari hii hapana. Mwezi mpevu ni keshokutwa, Julai 10, na dagaa huvuliwa kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima, taa ya mtumbwi haina la kumvutia dagaa, na mitumbwi hukaa nchi kavu karibu wiki nzima, wakati mwingine siku kumi. Anayetaka kuzungumza na wavuvi wakiwa macho, mchana, bila haraka, ana siku hizo tu. Giza likirudi, mchana wanalala na jioni wanatoka.

Kalenda ya ukutani imechorwa upya leo: duara tupu kwa mwezi mpevu (Julai 10, Agosti 9), duara jeusi kwa mwezi mwandamo (Julai 24, Agosti 23). Hapo ndipo tatizo kubwa la mradi lilipojitokeza. Siku ya Kuzuia Kuzama Maji Duniani, ambayo Umoja wa Mataifa uliipitisha mwaka 2021, ni Julai 25. Yaani giza totoro. Mkutano wa hadhara siku hiyo utahudhuriwa na wanaoanika dagaa, watoto wa shule na mbuzi. Uamuzi: siku yenyewe tufanye kazi na waandishi wa habari, mkutano wa wavuvi usogezwe hadi mwezi wa Agosti utakapojaa.

Barua za utambulisho zimeandikwa: mkurugenzi wa manispaa, watendaji wa kata mbili, wenyeviti wa mitaa, viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo). Kila barua nakala mbili. Moja inabaki masijala, ya pili inarudi na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Isiyorudi na muhuri ihesabiwe kuwa haijafika, hata kama karani alisema kwa tabasamu kwamba ataishughulikia.

Julai 10–14: mahojiano mwaloni

Daftari la wageni la mtaa limesainiwa kwanza, kisha ofisi ya BMU, kisha ndipo kalamu ikatolewa. Tarehe ya mkutano ilipopendekezwa, mzee mmoja wa BMU alijibu: "Mwanangu, hapa tarehe hatuitazami ukutani, tunaitazama juu." Agosti 9 aliikubali bila kufungua daftari.

Dodoso alilokuja nalo mwanafunzi lilikuwa na maswali 22. La kwanza: "Je, unafahamu umuhimu wa jaketi okozi?" Watu wote tisa wa mwanzo wakajibu ndiyo. Swali ambalo kila mtu analijibu sawa halifundishi kitu, na hilo lina ubaya zaidi: linamfanya mvuvi ajisikie mwanafunzi mbele ya mtoto wa chuo. Lilifutwa pale pale, mahali pake likawekwa: "Jaketi lako liko wapi sasa hivi? Naomba nilione."

Mambo yakabadilika. Moja lilitolewa stoo kwa tajiri, yaani mwenye mtumbwi, limefungwa kwenye nailoni lililouzwa nalo. Jingine lilikuwa mto wa kulalia kambini. Mengi yalikuwa kwenye mtumbwi, chini ya ubao wa kukalia, yamelowa na yananuka dagaa. Sababu za kutoyavaa zilizotajwa tena na tena:

Linanasa kwenye kamba wakati wa kuvuta wavu. Wanne au watano wanavuta kwa pamoja wakiwa wameinama, na mikanda inayoning'inia inashika nyuzi. Hii ni sababu ya kazi, siyo ya ujinga, na tangazo lolote litakaloipuuza litachekwa.

Ni la tajiri, limehesabiwa. Likipotea linakatwa kwenye malipo. Kwa hiyo linalindwa kuliko linavyotumika.

Linawekwa kwa ajili ya ukaguzi. Mkaguzi wa TASAC (shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini) au wa uvuvi akiuliza, lipo.

Anayevaa anaitwa mwoga. Hili vijana walilisema chinichini, wakubwa hawakulisema kabisa.

Kauli iliyokuja na mwanafunzi kutoka ofisini, "Jaketi linaokoa maisha", imewekwa kando. Ni kweli, ila hakuna anayebishana nayo.

Julai 15: picha ambazo hazitatumika

Picha 140 zimerudi, na zaidi ya nusu zimefungiwa. Nyuma ya picha nzuri kuliko zote, ya kijana akicheka na jaketi begani, kuna wavu wa timba umetandazwa na namba ya usajili ya mtumbwi inasomeka vizuri. Timba hairuhusiwi. Picha hiyo ikichapishwa, shirika litakuwa limempeleka mtu kituoni, na mwalo mzima utajua ni nani aliyepiga. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, macho yaanzie nyuma ya mtu, kisha yarudi kwa mtu: nyavu, sangara wachanga, namba za mitumbwi, chupa, watoto wasio na mzazi karibu.

Fomu ya ridhaa imefupishwa kutoka kurasa mbili hadi nusu ukurasa, kwa Kiswahili cha kawaida. Ina visanduku vinne vya kuweka alama: ripoti ya ndani, mitandao ya shirika, vyombo vya habari, wafadhili. Mtu anaweza kukubali kimoja na kukataa vitatu. Chini kuna mstari wa kujitoa baadaye na namba ya simu ya ofisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka mtu ajue taarifa zake zinakwenda wapi. Kwa watoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 inalinda faragha yao, na sisi hatupigi sura ya mtoto bila mzazi kusaini. Asiyesoma anasomewa mbele ya shahidi wa kwake, siyo wa kwetu. Namba ya fomu inaandikwa kwenye jina la faili la picha siku hiyo hiyo. Ikisubiri kesho, tayari haijulikani nani ni nani.

Mama mmoja aliyefiwa na mume ziwani alikubali kuzungumza, akakataa picha. Mwanafunzi alipendekeza apigwe kwa nyuma. Hapana: mwalo unamjua mtu kwa khanga yake na anavyosimama. Maneno yake yametumika bila jina na bila mwalo.

Julai 17–18: taarifa kwa vyombo vya habari

Rasimu ya kwanza ilianza hivi:

"Katika kuunga mkono juhudi za serikali, shirika letu lisilo la kiserikali linalojishughulisha na ustawi wa jamii limeandaa maadhimisho ya siku muhimu yenye lengo la kuhamasisha jamii kuhusu umuhimu wa usalama majini."

Maneno 31, na mhariri bado hajui nini kinatokea, wapi, wala lini. Ikaandikwa upya:

"Majaketi mengi yanayotoka na mitumbwi ya dagaa jioni hayavaliwi: yanakaa chini ya ubao hadi asubuhi. Ijumaa, Julai 25, saa 10:30 jioni, waandishi wanaalikwa mwaloni kuona mitumbwi ikitoka na kuwauliza wavuvi na matajiri kwa nini."

Aya tatu zilizofuata: nani atakuwepo kwa cheo na jina kamili, namna ya kufika, nani apigiwe simu. Ukurasa mmoja, basi. Historia ya shirika imewekwa mwisho kwa sentensi mbili, kwa kuwa mhariri hukata kuanzia chini.

Kulikuwa na ubishi wa haki ofisini kama MV Bukoba (Mei 21, 1996) na MV Nyerere (Septemba 20, 2018, karibu na Ukara) zianze aya ya kwanza. Zimeachwa nje. Kila mtu Mwanza anazo moyoni, lakini meli ikitajwa, runinga hutoa picha za maktaba, na habari inakuwa ya meli. Mvuvi anayeanguka peke yake usiku, kati ya wenzake wanne, hapati hata mstari. Habari hii ni yake.

Makosa ya kiufundi: taarifa ilitumwa kwanza kama karatasi iliyopigwa skana ili muhuri na sahihi vionekane. Mwandishi hawezi kunakili neno kutoka kwenye picha, na hatakaa kuichapa upya. Sasa inatumwa mara tatu katika barua pepe moja: maneno yote ndani ya barua yenyewe, faili la Word, na nakala yenye muhuri kwa anayehitaji kuthibitisha. Picha zilizopitia WhatsApp kama picha zinabanwa hadi zinafaa kwa simu tu. Zitumwe kama faili, au kwa kiungo. Kila moja iwe na maelezo: nani, anafanya nini, wapi, lini, nani kapiga.

Julai 21–23: kuhesabu

Giza limerudi, mitumbwi inatoka. Watu wawili, mmoja kwenye kila mwalo, saa 11 jioni hadi saa 1 usiku, jioni tatu. Karatasi ina safu tatu: mwilini, chomboni, hakuna. Tulihesabu kwa mtumbwi, siyo kwa mtu, kwa kuwa watu wanapanda, wanashuka kununua sigara, wanapanda tena. Chombo chenye hata mmoja aliyevaa kinaingia safu ya kwanza, kwa hiyo hesabu yetu inapendelea upande wa wema. Hilo liandikwe kila inapotajwa.

Safu ya katikati ilijaa kuliko nyingine mbili jioni zote tatu. Jambo hili ndilo limezaa ujumbe: tatizo la mialo hii siyo kukosekana kwa majaketi. Mfadhili mmoja alikuwa tayari kununua mengine 100. Ameombwa asubiri. Kwa afisa uhusiano hiyo ni barua ngumu kuiandika kuliko zote za mradi, maana picha ya kugawa majaketi mapya ni tamu na ripoti yake inajiandika yenyewe.

Julai 25, Ijumaa: waandishi mwaloni

Saa 10:30 jioni inatoa picha nzuri na inaharibu ratiba ya chumba cha habari. Ukitoka mwaloni saa 12, taarifa ya habari ya saa 2 usiku imeshapangwa na gazeti la kesho linafungwa. Dawa: picha sita zenye ridhaa na maelezo, pamoja na sauti mbili za sekunde 20 hadi 40, zilitumwa saa 6 mchana zikiwa na sharti la kutotumika kabla ya saa 10 jioni. Wasioweza kuja walikuwa na habari, waliokuja walipata ya kwao zaidi.

Usafiri wa waandishi: kiasi kimoja kwa wote, kimetangazwa ndani ya mwaliko, kinasainiwa kwenye orodha, kinarudishwa kwa aliyefika hata kama hakuandika neno. Bahasha ya pembeni haipo. Mwanafunzi aliulizwa na mmoja wao, kwa utani usio utani, "Dada, bahasha nyingine iko wapi?" Jibu lililofundishwa ni fupi na halina hotuba: "Kaka, ni hiyo hiyo kwa wote, ipo kwenye mwaliko." Kisha unahamia kwenye jambo jingine.

Hitilafu moja: tajiri aliyekuwa amekubali kuzungumza alibadili mawazo alipoona kamera nne. Tulikuwa na mbadala mmoja tu, naye alikuwa ziwani tayari. Kwa kila msemaji, wawe wawili wa akiba, na mmoja wao awe mtu asiyetoka na mtumbwi. Mama anayenunua dagaa alfajiri anajua nani karudi na nani hajarudi kuliko kiongozi yeyote.

Julai 28 – Agosti 1: tangazo la redio

Sekunde 30. Msomaji wa Kiswahili kwa utulivu anamaliza kama maneno mawili kwa sekunde, kwa hiyo 60 ndiyo dari, na ukitaka sauti ya mazingira shuka hadi 40. Rasimu ya mwanafunzi ilikuwa na maneno 94. Alipoisoma kwa saa ya simu ilichukua sekunde 47, na bado jina la shirika lilikuwa halijatajwa. Toleo lililorekodiwa:

"Tajiri, mashine umeikagua. Taa zina chaji. Nyavu zimo. Haya, hesabu vichwa: moja, mbili, tatu, nne. Sasa hesabu majaketi. Siyo yaliyo chini ya ubao. Yaliyo mwilini. Kama hesabu hazilingani, mtumbwi bado haujawa tayari. Jaketi mwilini kabla ya mashine kuwaka."

Maneno 38. Sekunde zilizobaki ni za mashine ya boti mwanzoni na kimya kidogo baada ya "mwilini". Kimya hicho fundi mitambo alitaka kukijaza na muziki, kikatetewa. Linasemwa na tajiri, kwa tajiri, kwa sababu mwenye kauli ya kusema "hatutoki" ni yeye. Kibarua akiambiwa avae peke yake anakuwa mwoga. Tajiri akisema wote wavae, imekuwa amri ya kazi.

Kuhusu kunasa kwenye kamba: ujumbe hausemi vaa usiku kucha. Unasema vaa kabla ya mashine kuwaka, yaani kutoka na kurudi, na ncha za mikanda zipenyezwe ndani baada ya kufunga. Wataalamu wa usalama wangependa zaidi ya hapo. Lakini ombi ambalo mvuvi anaweza kulitimiza leo ndilo tutakaloweza kulihesabu.

Lugha: wapo wazee waliotaka Kisukuma. Redio zenye leseni zinatakiwa kurusha kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa hiyo Kisukuma kimebaki kwa kipaza sauti cha mkono mwaloni, na mtangazaji wake ni mtu wa hapo hapo. Kuanza na "mwangaluka", salamu ya Kisukuma, ukiwa mgeni kisha kukwama sentensi ya pili ni kujidhalilisha.

Muda wa kurusha: saa 10 hadi 11 jioni, wanapokagua mashine, na saa 4 usiku, kwa wenye redio ndogo mtumbwini. Asubuhi imeachwa ingawa ndiyo waliyotuuzia kwa bei nzuri. Kila baada ya siku mbili mtu mmoja anasikiliza na kuandika saa halisi tangazo liliporuka, kisha analinganisha na hati ya madai kabla ya malipo.

Mitandao: Facebook, Instagram na hali ya WhatsApp. X haifunguki nchini tangu Mei, na shirika lililosajiliwa haliingii kwa njia za uchochoroni. Kilichosambaa kuliko bango lolote lililosanifiwa ni sauti ile ile ya sekunde 30 kwenye makundi ya WhatsApp ya matajiri.

Agosti 4–8: uchapishaji, na rangi

Julai 26 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza kwamba kampeni zinaanza Agosti 28 na kura ni Oktoba 29. Kwa shirika la hisani hiyo ina maana tatu. Fulana haziwi za kijani wala njano, wala mchanganyiko wowote ambao mtu akiuona kwa mbali ataulizia chama. Tumechukua rangi ya chungwa, ambayo ni ya jaketi lenyewe. Mgeni rasmi hawi mtu anayegombea au anayetajwatajwa. Ameombwa mtaalamu wa serikali, siyo mwanasiasa. Na shughuli zote za uwanjani ziishe kabla ya Agosti 28, la sivyo spika yetu itashindana na spika tano.

Mabango mawili, mita 3 kwa 1. Buluu ya nembo ilitoka zambarau. Kwenye kompyuta rangi ni za mwanga, kwenye mashine ya kuchapa ni za wino, na buluu iliyokolea ndiyo ya kwanza kugeuka. Faili libadilishwe kuwa la rangi za wino kabla ya kulipeleka, na kipande cha sentimita 20 kichapwe kwanza kwenye turubai lile lile, kiangaliwe nje juani. Kipande hicho tulikidai baada ya hasara. Jina na cheo cha mgeni rasmi visomwe herufi kwa herufi na mtu ambaye hakuandika, kisha asaini prufu (nakala ya kukagua kabla ya kuchapa). Mwandishi wa kosa halioni kosa lake.

Tarehe ya mkutano ilileta hesabu ndefu. Agosti 8 ni Nane Nane, viongozi wote wako kwenye maonesho, viwanja vya Nyamhongolo. Agosti 9 ni mwezi mpevu lakini Jumamosi, na Wasabato ni wengi kandokando ya ziwa. Jumapili ni ibada kwa wengine. Imebaki Jumatatu, Agosti 11. Mwezi huchelewa kuchomoza kiasi cha dakika 50 kila siku baada ya kujaa, kwa hiyo tarehe 11 bado ni salama, tarehe 14 wenye haraka wangeshaanza kutoka. Mzee wa BMU amearifiwa kwamba Agosti 9 yake imesogea siku mbili. Amesema sawa, ila asubuhi.

Agosti 11, Jumatatu: mkutano mwaloni

Asubuhi ilikuwa shauri zuri kwa sababu nyingine pia: mchana upepo wa ziwa unavuma kuja nchi kavu, unaingia kwenye kipaza sauti na kulipasua bango. Saa 4 hadi saa 6. Spika zimeelekezwa nchi kavu, mzungumzaji kaipa mgongo miti siyo maji. Kipaza sauti kimevikwa sponji. Bango limefungwa kwa mpira wa baiskeli badala ya kamba, linacheza na upepo bila kuchanika kwenye matundu.

Itifaki ilipangwa na mshereheshaji na mtendaji wa kata jana yake, karatasi moja yenye majina kwa mpangilio. Bado dakika 25 ziliishia kwenye utambulisho. Safari ijayo mshereheshaji aombwe atambulishe meza kuu kwa pamoja, na risala iwe kurasa mbili, ikisomwa na mvuvi.

Kilichobeba siku ni jiwe la mizani. Majaketi manne yalilowekwa kwenye pipa tangu jana jioni: mawili kutoka kwenye mitumbwi ya hapo hapo, moja jipya la dukani, moja la newtoni 100 lenye alama ya kiwango. Newtoni 100 ni nguvu ya kushikilia takribani kilo 10 ndani ya maji. Kila jaketi lilifungiwa jiwe la mizani la chuma la kilo 10 likashushwa maji ya kifuani. Chuma, siyo jiwe la mlimani: ndani ya maji jiwe letu la Mwanza la kilo 10 linabaki na uzito kama wa kilo 6 tu, na jaketi bovu lingefaulu. Hata chuma hupungua kidogo, hubaki kama kilo 8 na nusu hadi 9, kwa hiyo jaketi linalozama nacho halina utetezi.

Jaketi la kiwango lilielea. Moja la mtumbwini lilielea kwa shida. Jingine la mtumbwini, na lile jipya la dukani, yalikwenda chini. Watu walinyamaza, kisha kelele zikaanza, na tajiri mmoja akatuma kijana akalete yake yote. Foleni ya kupima ilidumu mpaka saa 8 mchana. Haikuwa kwenye ratiba na ndiyo ilikuwa mkutano wenyewe. Ramani ya duka iliombwa mara nyingi. Jina la duka halikutajwa kwenye spika wala kwenye taarifa: jaketi moja lililofeli siyo ushahidi dhidi ya duka zima. Limepelekwa kwa wahusika likiwa na karatasi ya kipimo.

Kipimo cha pili hakihitaji maji. Mtu avae, afunge, mwenzake ashike mabega ya jaketi na kuvuta juu. Likipanda hadi masikioni, majini litamfunika uso na kumtoka kichwani. Wengi walifunga mkanda wa juu tu, wa chini wakauacha. Mkanda wa kupita katikati ya mapaja, pale ulipokuwepo, ulikuwa umekatwa kwa kisu.

Makosa ya siku: betri ya kamera ya pili haikuchajiwa, maji ya kunywa yaliisha saa 5, mwanafunzi alikuwa na kazi tatu kwa wakati mmoja (picha, waandishi, orodha ya mahudhurio) na orodha ndiyo iliyoteseka. Mtu wa picha asipewe kitu kingine mkononi.

Agosti 18–22

Hesabu ya pili, jioni tatu, watu wale wale, karatasi ile ile. Safu ya kwanza imeongezeka, hasa kwenye mitumbwi ya matajiri waliopima majaketi yao. Mwalo wa pili, ambao ulisikia redio tu bila kuona jiwe la mizani, haujasogea sana. Ripoti ya mfadhili inasema hivyo hivyo. Sentensi ya mwanafunzi, "kampeni imewafikia wananchi wote wa kanda ya ziwa", imefutwa. Kilichobaki ni mialo miwili, jioni sita, na njia tuliyotumia kuhesabu, pamoja na kasoro yake. Mfadhili wa majaketi 100 amejibu barua: anaomba fedha zitumike kubadilisha yaliyofeli kipimo.

Agosti 25–29: makabidhiano

Vilivyokabidhiwa: folda ya picha zenye namba za ridhaa (zisizo na ridhaa zimefutwa, siyo kufichwa), orodha ya waandishi yenye saa wanazopokea simu, kalenda ya mwezi hadi Desemba, mawe mawili ya mizani, pipa. Nywila za kurasa zimebadilishwa Ijumaa mchana mwanafunzi akiwepo, ili zisimfuate. Kitabu chake cha kumbukumbu kimesainiwa wiki kwa wiki, siyo vyote leo. Msimamizi wa chuo alikuja Agosti 20 na kukuta kiko sawa.

Kampeni za uchaguzi zimeanza jana na gari la matangazo halikodisheki. Mwezi mpevu unaofuata ni Septemba 7, Jumapili, na usiku huo utapatwa, kuanzia kama saa 2 na nusu utakuwa mwekundu kwa zaidi ya saa moja. Wavuvi wa mwalo wa pili watakuwa nchi kavu, nje, wakitazama juu. Pipa na mawe vitapelekwa huko mchana, kwa kipaza sauti cha mkono na bila fulana. Barua ya kuomba nafasi iko masijala, nakala yetu bado haijarudi na muhuri.